Ujira wa Aliyetoka Kazini

Ndugu zetu Waislamu, twataka kusema juu ya fitina iliyoingia katika miji yetu: ugomvi wa mtu na tajiri wake wa zamani aliyekuwa pia mshirika wake.

Jambo hili twalijua kwa kuliona. Kijana huajiriwa dukani; akionekana muaminifu, tajiri humwambia, "Natushirikiane, mali yangu na kazi yako." Hawaandiki kitu, kwani wasema wao ni ndugu. Miaka ikipita huachana kwa maneno. Huyu adai mshahara na faida, yule adai mtaji wake umeliwa. Daftari ni moja, mwenye kulishika ni mmoja, na shahidi hapana. Kisha kila mmoja huenda barazani kumvunjia mwenziwe heshima, hata watoto wao wakawa hawaamkiani. Na wako wanaokwenda kusomesha Halbadiri ili mwenzao adhurike. Twauliza: Qur'ani imeteremshwa iwe uwongofu, au iwe silaha ya kumdhuru jirani kwa ajili ya deni?

Mwenyezi Mungu ametuonyesha njia nyingine. Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, ametuamrisha deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, dogo au kubwa. Kuandika si kumtuhumu ndugu. Ni kuuhifadhi udugu.

Basi wenye kuachana, la kwanza na watenge hesabu. Mshahara ni haki ya kazi iliyokwisha kufanywa. Haungoji faida, wala hauzuiliwi kwa hasira. Faida hugawanywa kwa mafungu waliyoagana. Na hasara, katika ushirika wa mali ya mmoja na kazi ya mwenziwe, ni juu ya mwenye mali, maadamu mfanya kazi hakufanya khiyana wala hakupuuza. Yeye amekwisha kupoteza jasho lake.

La pili, na watafute mtu muadilifu awasuluhishe. Sulhu ikishindikana, kushitaki si dhambi. Aya ya 148 ya Sura ya An-Nisaa imemruhusu aliyedhulumiwa kuitaja dhulma yake. Lakini aujue mlango. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi. Madai ya mshahara hayamo. Hayo yana mahakama yake, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 imeyawekea muda wa miaka 3. Mwenye kungoja sulhu asilale hata mlango ukafungwa.

La tatu, nalo ndilo zito: hukumu ya hakimu haihalalishi haramu. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba huenda mmoja wetu akawa hodari wa kutoa hoja kuliko mwenziwe, akahukumiwa kwa yaliyosikiwa, basi aliyepewa haki ya nduguye amekatiwa kipande cha moto. Hakimu huona karatasi. Yaliyokuwa nyuma ya karatasi wayajua wewe na Mola wako.

Natumkumbuke yule tajiri katika hadithi ya watu watatu waliozibiwa na jiwe pangoni. Mfanya kazi wake aliondoka akauacha ujira wake. Yeye akauzalisha hata ukawa mali nyingi na mifugo. Mwenyewe aliporudi, hakumpa ule ujira peke yake, alimpa yote. Kwa amali hiyo alimuomba Mungu, na jiwe likaondoka. Nasi twalalamika kuwa riziki imezibika, na ujira wa watu umo ndani ya masanduku yetu!

Ewe tajiri, fungua daftari lako leo, kabla hujafunguliwa lile lisilofutika. Nawe uliyetoka kazini, dai haki yako bila kuongeza hata senti, wala chuki isikutoe katika uadilifu. Mwenyezi Mungu atupatanishe, na aturuzuku halali. Amin.