Dhuluma, Si Unajisi

Fungua gazeti la Kiswahili hapa Kenya, ukurasa wa habari za mahakamani, na haitachukua siku nyingi kabla hujakutana na neno "kunajisi". Mwanamume fulani amefikishwa mbele ya hakimu kwa tuhuma za kumnajisi mtoto wa miaka minane. Tumelizoea neno hilo hadi halitushtui tena. Lakini hebu tulisikilize vizuri. Najisi ni uchafu, tena uchafu wa kidini: kitu kikipatwa na najisi hakifai mpaka kitoharishwe. Kwa hivyo tukisema mtoto amenajisiwa, uovu ni wa yule mwanamume lakini uchafu tumempaka mtoto. Mtaani tunasema vibaya zaidi. "Yule msichana aliharibiwa." Kana kwamba ni redio.

Naanza na neno kwa sababu mzazi anayetaka kuzungumza na mwanawe juu ya mambo haya hukwama hapo kwanza. Aseme nini? Akitumia neno la gazeti, mtoto atajifunza kwamba likimpata yeye ndiye atakuwa mchafu, na nani hukimbia kutangaza uchafu wake? Akisema "tabia mbaya", kama wengi wanavyosema, mtoto atauliza tabia ya nani. Kwa mtoto, mwenye tabia mbaya ni yule anayepigwa, na yeye ndiye huwa anapigwa.

Kiswahili kina neno lingine, tena halikufichwa. Ni dhuluma. Katika semina za mashirika na kwenye ripoti za serikali husemwa "dhuluma za kingono", lakini tukifika nyumbani tunaliacha mlangoni pamoja na viatu. Ni neno zuri kuliko tunavyolichukulia. Dhuluma ni kumnyima mtu haki yake au kumtendea asichostahili kwa sababu una nguvu kumzidi. Lina mtenda, dhalimu, na lina mtendewa ambaye hakupungukiwa na chochote kwa kutendewa. Tena linaunganisha mambo mawili ambayo sisi wazazi hupenda kuyatenganisha: mwili kuguswa bila ruhusa, na haki kuvunjwa.

Na mtoto analijua jambo hilo kabla ya kujua lolote kuhusu ngono. Mpe kakake chapati mbili naye moja, utasikia. Wa gredi ya tatu hajui miili ya watu wazima hufanya nini, ila anajua fika maana ya mkubwa kumwonea mdogo. Kwa hiyo wanaosema "bado ni mdogo, hataelewa" wanahesabu kitu kisichohitajika. Haimlazimu aelewe ngono. Aelewe kwamba mwili wake ni haki yake, kwamba sehemu zake zina majina (uke, uume, matako, wala si "dudu" au "huko"), na kwamba mtu akizigusa na kumwambia asiseme, mtu huyo anamdhulumu. Awe nani.

Hapo kwa "awe nani" ndipo pagumu. Tumewafundisha watoto kumwogopa mgeni mwenye peremende, na hali wahenga walikwisha sema kikulacho ki nguoni mwako. Anayemdhulumu mtoto mara nyingi ni mtu anayeingia nyumbani bila kubisha hodi: jirani, binamu, mwalimu wa masomo ya ziada, anko. Na watu hao hao ndio tunaowaambia watoto wawaheshimu. "Msalimie mjomba. Mpe mkono. Kwani huna adabu?" Adabu ni kitu cha thamani na sitaki tuitupe. Lakini adabu isiyo na nafasi ya neno "hapana" inamfundisha mtoto kumtii yeyote mwenye ndevu. Mtoto aweza kumsalimia mjomba kwa heshima zote bila kukaa kwenye mapaja yake.

Kuna mazungumzo ya pili, nayo wengi huyakwepa hata baada ya kuyamudu ya kwanza. Ni haya: je, nimwambie mwanangu kwamba wakati mwingine ukisema, hakuna kinachofanyika?

Mwaka wa 2013, katika kaunti ya Busia, msichana wa miaka 16 alishambuliwa na kundi la vijana alipokuwa akitoka kwenye mazishi ya babu yake, akabakwa, akatupwa katika shimo la choo. Waliokamatwa waliadhibiwa na polisi kwa kufyekeshwa nyasi za kituo, kisha wakaachiliwa. Mtoto yeyote aliyesoma shule zetu anajua adhabu ya kufyeka nyasi. Hupewa waliochelewa asubuhi. Msimulie kisa hicho kijana wa miaka 12, bila kueleza yote, na hutahitaji kumfafanulia kosa liko wapi. Mizani anayo.

Anayepinga atasema: ukimwambia hayo utamkatisha tamaa, likimpata atanyamaza. Ni hoja nzito. Lakini mtoto huyo ana masikio. Anasikia majirani wakinong'ona, anaona aliyeshtakiwa akirudi kuuza duka lake. Tukimwahidi kwamba haki hupatikana siku zote, halafu aone haikupatikana, atabaki na maelezo mawili: ama wazazi walinidanganya, ama yule msichana hakustahili haki. Watoto wengi huchagua la pili, kwa sababu la kwanza linatisha mno.

Cha kumwambia ni kwamba kosa na hukumu ni vitu viwili. Dhuluma ni dhuluma tangu saa ile ilipotendeka, hata polisi wacheke, hata faili ipotee. Hakimu huitambua, haitengenezi. Na amalizie kisa chenyewe, maana hakikuishia kwenye nyasi. Watu waliandamana Nairobi, saini zaidi ya milioni moja zikakusanywa kutoka pande zote za dunia, na mwaka wa 2015 vijana watatu wakafungwa miaka 15 kila mmoja. Mwezi Mei wa ule mwaka wa 2013, wasichana waliopeleka malalamishi katika Mahakama Kuu ya Meru walishinda: jaji aliamua kwamba polisi, kwa kutochunguza ipasavyo kesi zao za kudhulumiwa, walivunja haki zao. Wasichana waliwashtaki polisi na wakashinda. Mtoto ana haki ya kujua hilo pia.

Mwana wa kiume asiachwe nje akicheza mpira mazungumzo yakiendelea. Naye hudhulumiwa, na huambiwa ajikaze kiume. Tena wale waliofyekeshwa nyasi walikuwa wana wa watu. Kuna nyumba walikolelewa na labda hakuna aliyewaambia kitu, kwa kuwa mazungumzo haya tumeyafanya ya wasichana.

Basi mzazi amuahidi mwanawe nini? Kwamba ataaminiwa. Kwamba hatapigwa kwa kusema. Kwamba watakwenda hospitali siku hiyo hiyo, nguo zisifuliwe, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya HIV zina muda wa saa 72 tu. Kwamba akishindwa kumwambia mama au baba, kuna nambari 116, simu ya watoto, nayo ni ya bure.

Ahadi hizo ni nyepesi kuzitamka jikoni ukimenya viazi. Sasa fikiria dhalimu ni yule ndugu anayelipa karo. Wazee wameketi chini ya mwembe, kuna bahasha, kuna mbuzi, na nyanya mwenyewe anakusihi msivunje familia kwa jambo la nyumbani. Haki nyingi za watoto wetu hufia pale, kabla hazijafika kituoni, na hakuna polisi wa kulaumiwa. Mzazi anayejiandaa kuzungumza na mwanawe ajiulize kwanza atamjibu nini nyanya. Kama jibu hana, alitafute kabla ya kumwita mtoto.