Kondoo walioachiwa usiku: Vijana na virusi vya kompyuta

Ndugu zangu Waislamu, leo nataka tulizungumze jambo lililonifikia mlangoni baada ya swala ya Isha.

Alikuja mzee mmoja na mwanawe wa miaka 16, mwanafunzi wangu wa Maarifa ya Uislamu. Kijana alipata kirusi kwenye intaneti, akakitia kwenye flashi na kukipandikiza katika kompyuta za steshenari ya mtaani, ati aone kama kinafanya kazi. Kikafanya. Tasnifu ya mwanachuo, barua za kuombea kazi na kadi za harusi za watu, vyote vikapotea. Mwenye duka, mama mjane, alikuwa tayari kwenda polisi. "Ustadh," akasema mzee, "kamuombe asamehe. Huyu mtoto, ni utundu tu."

Nakiri kwamba kabla ya kumjibu nilitabasamu. Mwezi mmoja nyuma nilimsifu kijana huyo mbele ya wenzake kwa kunitengenezea kompyuta yangu. Ndiyo maradhi yetu. Mtoto akivunja kioo cha jirani tunamchapa, akiharibu kazi ya watu kwa kompyuta tunasema ana akili.

Wenzetu walishalipitia hili. Mwaka 2004 kijana wa Kijerumani, Sven Jaschan, akiwa na umri wa miaka 17, alitengeneza kirusi kilichoitwa Sasser. Kiliingia chenyewe kwenye kompyuta, na hata walinzi wa pwani wa Uingereza walilazimika kurudi kwenye ramani za karatasi. Kampuni ya Microsoft ilitoa dola 250,000 kwa waliosaidia kumpata, na waliomtaja walikuwa watu wanaomfahamu. Mwaka 2005 alihukumiwa kama kijana, kifungo cha nje cha miezi 21 na saa 30 za kazi za jamii. Huko Marekani mwaka huo huo, kijana aliyekuwa na miaka 18 alipotoa namna yake ya kirusi cha Blaster alifungwa miezi 18 gerezani.

Kisa cha Ufilipino kina somo jingine. Mei 2000, Onel de Guzman, mwanafunzi asiyemudu gharama za intaneti, aliachia kirusi kilichokuja kama barua ya mapenzi. Nia yake, kama alivyokiri miaka 20 baadaye, ilikuwa kuiba nywila za watu ili aingie mtandaoni bure. Kilienea duniani kote. Mashitaka yakafutwa kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya kosa hilo. Ilitungwa mwezi uliofuata, na haikuweza kumrudia yeye. Katika Uislamu nako Allah (SW) haadhibu kabla ya kupeleka Mtume wa kuonya.

Lakini sisi tumeshaonywa. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ndani yake kuharibu data za mtu ni jinai. Aliye chini ya miaka 18 husikilizwa katika Mahakama ya Watoto, lakini kosa ni kosa.

Na fiqhi inasemaje? Kwa madhehebu ya Shafi, mwenye miaka 15 ameshabaleghe hata kama hajaota ndevu. Na hata ambaye hajabaleghe, kalamu imenyanyuliwa kwake katika dhambi tu. Mali aliyoiharibu inalipwa kutoka katika mali yake. Someni kisa cha Nabii Daud na Nabii Sulaiman (AS) katika Surat Al-Anbiyaa, cha kondoo walioingia usiku shambani mwa mtu wakala mazao. Wafasiri wanasema Daud aliamua mwenye shamba apewe kondoo. Sulaiman akaona mwenye shamba anufaike na maziwa na sufi zao, na mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, ndipo kila mmoja achukue chake. Hakuna aliyeuliza kama kondoo walikuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo nilimwambia mzee: msamaha ni haki ya yule mama kuutoa, si haki yetu kuudai. Twende, lakini tusiende mikono mitupu. Mzee alikasirika kidogo, akasema nimegeuka hakimu. Tukaenda.

Yule mama alitusikiliza, kisha akamgeukia kijana, si sisi. "Utazichapa zote upya?"

Mzee alilipa fundi aliyesafisha kompyuta. Tasnifu, alhamdulillahi, mwenyewe alikuwa na nakala. Kijana anakwenda dukani kila Jumamosi baada ya Adhuhuri. Wiki iliyopita nilipita, nikamkuta kwenye kadi ya harusi ya tatu, akinong'ona majina ya wajomba wa bibi harusi asije akakosea hata moja.