Juu ya Pointi Zinazolipwa kwa Mwili



Tunapoongea na vijana wetu wa iniversite juu ya SIDA, tunawapa maneno matatu: ngoja mpaka ndoa, uwe mwaminifu, na asiyeweza kungoja atumie kapoti. Maneno hayo si mabaya. Kapoti ikitumiwa vizuri kila mara inakinga sana SIDA, kisonono na mimba; hakuna faida kumficha kijana jambo hilo. Lakini yote matatu yanasemwa kwa mtu mwenye uhuru wa kukubali ao kukataa. Asiye na uhuru huo, tumwambie nini?

Wanafunzi wa inchi yetu wamelipa jambo hili jina la uchungu: pointi zinazoambukizwa kwa ngono, kama magonjwa. Binti amesoma, ameandika mtihani, lakini pointi zake hazionekani. Anaambiwa apite kwa mwalimu, si ofisini, bali mahali pengine, jioni. Nyumbani mama ameuza makala ili minervali ilipwe. Binti akikataa, anarudia mwaka. Akikubali, je, atathubutu kumuomba mtu huyo avae kapoti? Ao kumuuliza kama amepima damu?

Wengine wanasema ni uasherati wa watu wawili sawasawa, kwani alienda kwa miguu yake. Sisi hatukubali. Someni 2 Samweli 11 na 12. Bathsheba aliitwa na wajumbe wa mfalme. Nathani alipotumwa na Mungu, hakwenda kumkaripia mwanamke huyo. Alisimama mbele ya Daudi, akamwambia mfano wa tajiri aliyechukua kondoo mmoja wa maskini. Nabii alijua mlango gani wa kubisha.

Wako pia wasichana wasiosoma, wanaomtafuta mwalimu wenyewe. Wako, hatukatai, na hao nao tuwaonye. Lakini hata hapo kalamu iko mkononi mwa mwalimu, naye anaweza kusema hapana bila kupoteza mwaka.

Binti aliyelazimishwa asibaki chumbani akilia peke yake. Aende hospitali upesi, mbele ya saa 72 kupita: kuna dawa za kuzuia virusi vya SIDA visishike mwilini, zinamezwa siku 28, na kadiri anavyozianza mapema ndivyo zinavyosaidia. Apimwe pia magonjwa mengine ya zinaa. Tena, sheria ya inchi ya tarehe 20 Julai 2006 inamwadhibu anayetumia cheo chake kumsumbua mtu ili apate mwili wake.

Ninyi wazazi, akiwafikia na habari hiyo, msianze kumuuliza alivaa nini. Mtafuteni mama mmoja wa kanisa amsindikize kwa daktari. Na ujumbe aliotumiwa kwenye simu usifutwe hata kama unatia haya kuusoma. Mbele ya waamuzi huo ni ushuhuda.