Krismasi Wakati wa Kaskazi

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Luka 2:1–20, Yeremia 10:1–5, Mwanzo 8:22, Matendo 17:26, 27, Nehemia 8:9–12, Luka 14:12–14, 28, Warumi 14:1–13.

Fungu la Kukariri: Yohana 1:14. Kila mshiriki alikariri kutoka katika Biblia yake mwenyewe.

Desemba ni mwezi wa joto mjini Tanga. Mvua za vuli zinaishia, upepo wa kaskazi unaanza kuvuma kutoka baharini, na maembe yanajaa sokoni. Ile miti ya maua mekundu ambayo watu wengi huiita mikrismasi inachanua kando ya barabara. Wakati huohuo, baadhi ya maduka hubandika pamba nyeupe kwenye vioo iwe mfano wa theluji. Sanamu ya mzee mwenye ndevu, aliyevaa koti zito na buti, husimama mlangoni, huku mwenye duka akijipepea kwa kipande cha boksi. Theluji iliyo karibu zaidi iko juu ya Kilimanjaro, na watoto wengi wa Pwani hawajawahi kuiona.

Katika hali hiyo makanisa mengi hurudiwa na swali lilelile kila mwaka. Vijana huomba kupamba kanisa na kuandaa igizo la kuzaliwa kwa Yesu. Baadhi ya wazee hujibu kwamba hizo ni desturi za kipagani, tena za Wazungu. Neno huzaa neno, na mara nyingine mwaka mpya huanza ndugu wakiwa hawasalimiani. Nyumbani nako kuna mzigo wake: nguo mpya za watoto, nauli ya kwenda Upare au Usambaani, na chakula cha sikukuu, hali ada na sare za shule zinasubiri Januari.

Somo la juma hili halikukusudiwa kuamua kama familia iweke mti sebuleni au isiweke. Linauliza jambo la ndani zaidi: Je, Kristo anaonekana katika yale ambayo waumini wanayafanya mwezi huu, na hata katika yale wanayokataa kuyafanya?

JUMAPILI
Tarehe Ambayo Luka Hakuiandika

Soma Luka 2:1–20. Ni mambo gani ambayo Luka anayataja waziwazi, na ni jambo gani ambalo halitaji?

Luka ni mwandishi mwangalifu. Anamtaja Kaisari Augusto, na anamtaja Kirenio aliyetawala Shamu. Anataja Nazareti, Bethlehemu, nguo za mtoto na hori ya kulishia ng'ombe. Lakini hataji mwezi wala siku. Wengi wameona kwamba usiku wa katikati ya majira ya baridi na mvua haukuwa wakati wa kawaida wa kulaza kondoo kondeni katika Uyahudi. Hata hivyo, hoja hiyo nayo haitoshi kumpa mtu tarehe nyingine.

Kumbukumbu ya zamani inayojulikana ya sikukuu hiyo kuwekwa tarehe 25 Desemba inatoka Rumi, mwaka 336, yaani takriban miaka mia tatu baada ya Kristo kupaa. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao ni Wakristo wa siku nyingi, huadhimisha tarehe 7 Januari. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuitetea tarehe kwa Maandiko. Siku ambayo Mungu mwenyewe aliibariki na kuitakasa ni Sabato (Mwanzo 2:1–3), na hakuna siku nyingine inayoweza kuwekwa sawa nayo.

Lakini ukimya wa Biblia kuhusu tarehe si ukimya kuhusu tukio. Mathayo na Luka walilipa tukio hilo nafasi kubwa mwanzoni mwa Injili zao. Malaika walimsifu Mungu, na wachungaji wakaenda kwa haraka kuona. Kosa la kwanza ni kuipa tarehe utakatifu ambao Mungu hakuipa. Kosa la pili ni kuikimbia tarehe mpaka tukio lenyewe lisihubiriwe tena.

Tafakari: Ni lini mara ya mwisho kanisa lako kusikia hubiri kamili juu ya kuzaliwa kwa Yesu?

JUMATATU
Mti wa Yeremia

Soma Yeremia 10:1–5. Kwa nini nabii anaukemea mti uliokatwa msituni?

Fungu hili husomwa mara nyingi Desemba inapofika. Mti unakatwa kwa shoka, unapambwa kwa fedha na dhahabu, kisha unakazwa kwa misumari usitikisike. Mtu akisikia hayo, mara moja anakumbuka tawi la mvinje lililosimamishwa ndani ya ndoo ya mchanga kwa jirani. Lakini nabii anaendelea. Kitu hicho hakisemi, hakitembei, lazima kibebwe, na watu wanaambiwa wasikiogope. Yeremia anazungumzia sanamu ya kuabudiwa. Aliandika zaidi ya miaka mia tano kabla ya Kristo, hali mti wa Krismasi ni desturi iliyokua Ujerumani na kuenea mbali katika karne ya 19.

Je, desturi ni mbaya kwa kuwa imetoka nje? Wenyeji wa Tanga wanao mfano mbele ya macho yao. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, na hiyo ndiyo asili ya mashamba makubwa ya mkoa huu. Hakuna anayeukataa mkonge kwa sababu ulikuja kwa meli. Ujumbe wa Waadventista wenyewe uliletwa nchini mwaka 1903 na Wajerumani wawili, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walioanza kazi huko Giti, Upare. Kama ugeni ungekuwa dhambi, ujumbe huo nao ungekataliwa.

Hata hivyo, jambo hili lina upande wa pili. Kitu hakiwi sehemu ya injili kwa kuwa kilikuja katika meli moja na wamishonari. Theluji ya pamba haimo katika Luka 2. Swali la muumini halikomi kwenye "Kimetoka wapi?" Linafika kwenye "Kinamtumikia nani?" Pambo likigeuka kuwa kitu ambacho moyo hauwezi kukiacha, onyo la Yeremia limeingia sebuleni, hata kama hakuna mti wowote humo.

JUMANNE
Bwana wa Kaskazi na Kusi

Soma Mwanzo 8:22 na Matendo 17:26, 27. Mafungu haya yanasema nini juu ya majira na mahali ambapo watu wanaishi?

Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyotoka mwaka 1952, inapoeleza ahadi ya Mungu kwa Nuhu kuhusu majira, inataja kaskazi na kusi. Hayo ni majina ya pepo ambazo kila mvuvi wa Pangani anazifahamu. Tangu zamani kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni, na kusi ikayarudisha. Ahadi ya kale ikavaa lugha ya Pwani bila kupoteza chochote.

Desemba huko Ulaya usiku ni mrefu na baridi ni kali. Ndiyo maana watu wa huko walipenda taa nyingi na miti isiyopukutisha majani. Hayo ni mambo ya majira yao, wala hayakutoka Bethlehemu. Tanga iko takriban digrii 5 kusini mwa Ikweta, na mwezi huohuo ni wa jua kali. Muumini wa Tanga hakosi kitu chochote cha Krismasi kwa kukosa baridi.

Ellen White aliishi Australia kuanzia 1891 hadi 1900, ambako Desemba ni kiangazi. Kabla ya hapo, katika makala za 1879 na 1884 kwenye gazeti la *Review and Herald*, alikuwa ameeleza kwamba tarehe haijulikani. Hata hivyo, aliwashauri wazazi wasiipuuze siku hiyo mbele ya watoto, bali wawaelekeze kwa Yesu na wafanye zawadi kuwa sadaka kwa kazi ya Mungu. Hata mti uliowekwa kanisani ili watu waning'inize sadaka zao, hakuuhesabu kuwa dhambi. Ushauri huo hauhitaji theluji ili utekelezwe.

Ng'ambo ya bahari kutoka Tanga, mjini Zanzibar, jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Liliwekwa mahali palipokuwa soko la watumwa, ambalo lilifungwa mwaka uleule. Ilikuwa Desemba ya Pwani, na siku hiyo ilihubiri. Mahali ambapo binadamu walitajiwa bei palitangazwa habari za Yule aliyekuja kuwafungua wafungwa (Luka 4:18).

Tafakari: Neno alikaa kati ya watu katika mji halisi, wenye vumbi lake na hali yake ya hewa. Katika mtaa wako, ni mahali gani panapongoja habari hiyo?

JUMATANO
Sahani ya Jirani

Soma Nehemia 8:9–12 na Luka 14:12–14, 28. Furaha ya watu wa Mungu inapaswa kumfikia nani?

Wakati wa Nehemia watu waliambiwa wale vinono, wanywe vitamu, kisha wawapelekee sehemu wale ambao hawakuandaliwa kitu. Mungu hakukataza furaha. Alikataza ifungiwe ndani.

Watu wa Pwani wanaijua desturi hii. Wakati wa Idi sahani ya pilau hutoka kwa Waislamu kwenda kwa jirani Mkristo, na wakati wa Krismasi sahani hurudi. Zipo familia za Kikristo zinazomwomba jirani Mwislamu awachinjie kuku au mbuzi, ili naye aweze kula bila wasiwasi. Meza ya Mwadventista, isiyo na nguruwe wala pombe, tayari imefungua nusu ya mlango. Anayekataa sahani hiyo kwa ukali, au anayesahau kuipeleka, anaweza kufunga mlango ambao mahubiri mengi hayataufungua.

Lakini ukarimu si kujionyesha. Yesu alizungumza juu ya mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama. Baba anayekopa kwa riba ili watoto wavae mapya tarehe 25, kisha mwezi Januari mtoto akarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, amewapa watoto siku moja na kuwanyang'anya muhula. Mama anayefanya hesabu mapema, akapika kidogo na kugawa, hana la kuona aibu. Mariamu na Yusufu walipompeleka Mtoto hekaluni walitoa sadaka ya maskini (Luka 2:24, Walawi 12:8), na Mungu aliipokea.

ALHAMISI
Aadhimishaye na Asiyeadhimisha

Soma Warumi 14:1–13. Paulo anawaambia nini wale wanaotofautiana kuhusu siku na vyakula?

Paulo hazungumzii hapa amri za Mungu, kana kwamba kila mtu achague atakayoshika. Anazungumzia mambo ambayo Mungu hakuyaamuru wala hakuyakataza. Katika mambo hayo, aadhimishaye afanye kwa Bwana, na asiyeadhimisha asifanye kwa Bwana. Wa kwanza asimdharau mwenzake, na wa pili asimhukumu.

Huenda dada anayepinga mapambo alikulia katika nyumba ambako Krismasi ilikuwa siku ya baba kulewa na mama kupigwa. Kwake, nyimbo na taa hizo zinaamsha kidonda. Huenda kijana anayeomba igizo alisikia habari za Yesu kwa mara ya kwanza akiwa mtoto, katika igizo kama hilo. Kabla ya baraza la kanisa kupiga kura, ingefaa hao wawili wasikilizane. Vijana wanaweza kuacha pambo fulani kwa ajili ya dada huyo, na dada naye akaja kuwasikiliza watoto wakisimulia Luka 2 kwa moyo.

Jambo moja halimo katika orodha ya hiari. Tarehe 25 Desemba 2021 ilikuwa Sabato, na mwaka 2027 itakuwa Sabato tena. Hapo sikukuu iliyowekwa na wanadamu inasogea pembeni kwa siku iliyowekwa na Muumba. Manunuzi na mapishi yafanyike Ijumaa kabla ya jua kutua. Sabato yenyewe itabaki ya ibada, ya kuwatembelea wagonjwa, na ya kusimulia habari njema ile ile ya Bethlehemu.

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma Mathayo 2:1–12, Wagalatia 4:4, 5, Wafilipi 2:5–11. Linganisha safari ya mamajusi, waliotoka mbali na zawadi zao, na ya wachungaji, waliotoka kondeni karibu bila kutajwa zawadi yoyote. Wote walimkuta Mtoto yuleyule.

Maswali ya Kujadili:

1. Mgeni aliyeingia kanisani kwenu mwezi wa Desemba angejua nini juu ya Yesu kwa kuangalia mnayofanya? Angejua nini kwa kuangalia mnayokataa?

2. Toeni mifano ya desturi za Pwani ambazo zinaweza kutumika kumtangaza Kristo mwezi huu bila kuiga majira ya nchi za baridi.

3. Familia isiyo na uwezo inawezaje kusaidiwa ili Krismasi isiiache na deni? Idara ya Dorkasi na kikundi chenu cha Shule ya Sabato vinaweza kufanya nini kabla ya Januari?

4. Kama kuna washiriki ambao hawasalimiani kwa sababu ya mabishano ya mwaka uliopita, nani aanze kwenda kwa mwenzake, na lini?