Mkono Uliobaki Kwenye Picha



Desemba iliyopita nilirudi likizo nyumbani, Kilimanjaro. Si mnajua Desemba ya kwetu: kila mtu anapanda mlimani, nyumba inajaa hadi watoto wanalala chini kwenye mkeka. Safari hii kulikuwa na jambo la ziada. Babu na Bibi walikuwa wanatimiza miaka 50 ya ndoa, na Misa ya shukrani ilipangwa Sikukuu ya Familia Takatifu. Sisi wajukuu tukaamua zawadi yetu iwe albamu ya kumbukumbu, yenye picha za zamani na vitu vidogo vidogo vyenye historia. Dada yangu akasema, "Kazi ya kukusanya apewe Frateri, yeye amesoma falsafa na likizo hii hana kazi." Basi nikapewa.

Nilidhani ni kazi ya mchana mmoja. Kumbe ilinichukua wiki nzima, na ikaniachia swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza darasani: Hivi, tuna haki ya kumwondoa mtu kwenye kumbukumbu za familia?

Bibi alinifungulia tranka lake la bati. Ndani kulikuwa na kopo la biskuti lililojaa picha, rozari iliyokatika, cheti cha ndoa kilichokunjwa mara nne, kadi za ubatizo, kitambaa cha Komunyo ya Kwanza ya baba yangu, na stakabadhi za kahawa za chama cha ushirika. Nikaanza kutoa picha moja moja. Nikafika kwenye moja iliyoandikwa nyuma "Krismasi 1994". Babu amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, Bibi pembeni, watoto wamesimama nyuma. Upande wa kulia, mtu mmoja hayupo. Amekatwa kwa wembe, vizuri kabisa, kuanzia kichwani hadi miguuni. Kilichobaki ni mkono wake tu, umelala juu ya bega la Babu.

Shangazi akapita, akaona nimeshika nini. "Frateri, hiyo iache. Siyo ya kuweka kwenye sherehe."

Sikuhitaji kuelezwa. Ni baba mdogo. Mwaka 2006 aliuza kipande cha kihamba alichogawiwa na Babu, bila kumwambia mtu yeyote, kwa mtu asiye wa ukoo. Kwa wasiojua, kihamba ni lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, ambalo baba humwachia mwana, na ndimo tunamozika wazee wetu. Kwenye kipande kile kulikuwa na kaburi la baba yake Babu. Tangu hapo baba mdogo hajakanyaga nyumbani.

Ningeweza kumtii Shangazi na kuendelea. Lakini mwaka huu binti yake baba mdogo, mdogo wangu wa miaka 15, alikuja na mama yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amekaa mkekani ananisaidia kupanga. Akaichukua ile picha, akaigeuza, akaniuliza, "Huyu aliyekatwa ni nani?"

Nikanyamaza kidogo. Nikamjibu, "Ni baba yako."

"Mbona amekatwa?"

Hapo ndugu zangu, falsafa yote ilinikimbia.

Naomba tutafakari pamoja, maana najua familia nyingi zina picha ya namna hii. Kwingine hawakati kwa wembe. Wanafuta tu kwenye simu, au wanaacha kumtaja mtu hadi watoto wanakua hawajui kwamba alikuwepo.

Hoja ya kwanza ya kumwondoa ni nzito, tusiidharau. Aliyekosewa ana haki ya kuumia. Babu hakukata picha kwa ukorofi. Alikata kwa sababu kila alipoiona aliona kaburi la baba yake limeuzwa. Tena kuna majeraha makubwa kuliko ya shamba. Kuna mtu ambaye sura fulani kwenye picha ni ya aliyempiga au kumdhalilisha utotoni. Mtu huyo usimlazimishe kuiangalia eti kwa sababu ya msamaha. Kusamehe ni amri, lakini hakuna amri ya kutundika picha sebuleni.

Hata hivyo, kutoangalia ni jambo moja, na kufanya kana kwamba mtu hakuwepo ni jambo lingine. Aristoteli, katika kitabu chake cha maadili, anamtaja mshairi Agathon aliyesema kwamba kuna kitu kimoja hata Mungu hakifanyi: kufanya kilichotendeka kiwe hakikutendeka. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichukua swali hilo katika Summa yake, naye akakubali. Si kwamba nguvu za Mungu zina upungufu, ila jambo hilo lenyewe linajipinga. Aliyekaa, alikaa. Krismasi ya 1994 vijana wale walisimama nyuma ya baba yao, na mmoja akaweka mkono begani mwake kwa upendo. Kilichotokea mwaka 2006 hakiwezi kurudi nyuma kikaufanya upendo ule usiwepo. Wembe unakata karatasi tu.

Sasa angalia Mungu mwenyewe anavyotunza kumbukumbu. Fungua Injili ya Mathayo sura ya kwanza. Wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu, lakini ile ndiyo albamu ya familia ya Yesu. Kama ningekuwa mimi naipanga, ningeweka watu wa heshima tu. Mathayo anamweka Tamari, anamweka Rahabu, na akifika kwa Sulemani hasemi tu kwamba ni mwana wa Daudi. Anakumbusha kuwa mama yake alikuwa mke wa Uria. Yaani aibu kubwa kuliko zote za mfalme Daudi imeandikwa palepale, ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya. Petro naye alimkana Bwana, na Injili zote nne zimeandika. Wakristo wa kwanza wangeweza kusema, "Huyu sasa ni mkubwa wetu, hiyo tuiache." Hawakuiacha. Na Bwana mfufuka mwenyewe alimwonyesha Tomaso makovu yake. Alishinda mauti, lakini hakuyafuta makovu.

Kwa hiyo msamaha wa Kikristo haufanani na kufuta. Anayefuta anasema hakikutokea kitu. Anayesamehe anasema kilitokea, kiliuma, na bado wewe ni mwanangu. Huwezi kumsamehe mtu ambaye umeshasema hayupo.

Mtu atauliza: kwa hiyo Frateri, tuwaeleze watoto kila kitu? Hapana. Katekisimu inatufundisha kwamba kutangaza makosa ya mtu, hata yaliyo kweli, kwa watu wasioyajua na bila sababu ya haki, ni dhambi. Ndiyo maana mdogo wangu aliponiuliza kwa nini baba yake amekatwa, sikumsimulia. Ana haki ya kuijua sura ya baba yake alipokuwa kijana. Lakini habari ya shamba si yangu kuitoa. Nilimwambia, "Hilo muulize Babu."

Sikutegemea angeenda kweli. Aliinuka na picha mkononi, akamkuta Babu chini ya mparachichi, akapiga goti, akamwamkia, akamuuliza. Mimi nilisimama mlangoni natetemeka.

Babu aliishika ile picha muda mrefu. Kisha akasema, "Nilimkata mimi. Nilikuwa na hasira, na sababu nilikuwa nayo. Lakini huu mkono ulinishinda. Ningeukata, ningejikata mimi mwenyewe bega."

Nimesoma vitabu vingi juu ya nafsi na mahusiano, lakini sentensi ile sijaikuta popote. Huwezi kumtoa mtu wa damu yako ukabaki mzima. Unamkata yeye, na wembe unapita kwenye bega lako.

Babu akamrudishia picha, akasema, "Iwekeni." Nikamuuliza kama tutafute nyingine yenye sura. Akasema, "Mkiipata."

Nyumbani haikuwepo hata moja. Hapo nikajifunza jambo jingine: kumbukumbu za familia hazikai kwenye tranka la familia peke yake. Nilikwenda kwa mzee aliyekuwa msimamizi wa Kipaimara wa baba mdogo. Akanitolea kwenye droo picha ya vijana wa Kipaimara wamesimama mbele ya kanisa, na baba mdogo yuko mstari wa pili, anacheka. Kwa miaka yote ambayo sisi tulikuwa hatumtaji, jirani alikuwa amemtunza. Nadhani Kanisa nalo lina kazi hiyo, kumtunzia mtu nafasi wakati watu wake wameshindwa.

Kutokana na wiki ile nimejiwekea kanuni moja: kusanya kwanza, hukumu baadaye. Mnakumbuka mfano wa ngano na magugu. Mwenye shamba aliwazuia watumishi wasing'oe mapema. Wakati wa kukusanya picha usichague nani anastahili. Leta zote. Kuchagua za kuingia kwenye albamu ni hatua ya mwisho, na huko unaweza kuwa mpole kwa walioumia. Lakini isiyoingia kwenye albamu isitupwe. Iweke kwenye bahasha, andika jina, mpe mtu wa kuitunza. Huenda yuko mtoto atakayekuja kuiulizia.

Na kwa kuwa mtaniuliza namna ya kufanya, haya ndiyo niliyojifunza kwa vitendo:

Kaa na wazee wakiwa bado wapo. Waulize majina kutoka kushoto kwenda kulia, mahali, na mwaka. Andika nyuma ya picha kwa penseli laini, taratibu, karibu na ukingo. Peni inakandamiza na wino wake unaweza kupenya upande wa mbele.

Shika picha pembeni kwa mikono safi na mikavu. Zilizogandana usizivute kwa nguvu. Iliyochanika usiiunge kwa selotepu, maana gundi yake baada ya miaka inageuka njano na kuharibu picha. Albamu zenye kurasa za kunata zina tatizo hilohilo.

Picha ziweke kwenye bahasha safi za karatasi, ndani ya boksi kavu, mbali na jua, ukuta wenye unyevu, mende na mchwa. Vipande vya magazeti viweke peke yake, kwa sababu karatasi yake inawahi kuoza na kuchafua vilivyo jirani.

Piga nakala kwa simu karibu na dirisha, bila flashi, na uzihifadhi sehemu mbili. Simu ikiibiwa, familia isiibiwe historia.

Vitu kama rozari na kitambaa vifungie karatasi yenye maelezo mafupi: kilikuwa cha nani, kilitumika lini. Bila maelezo, baada ya miaka 30 ni takataka tu mbele ya asiyejua.

Siku ya jubilei tulimpa Babu na Bibi albamu yao. Kwenye ukurasa mmoja tuliweka picha ya 1994 kama ilivyo, pamoja na mkono ule. Ukurasa unaotazamana nao tukaweka nakala ya picha ya Kipaimara. Hatukuandika maelezo zaidi ya majina na miaka. Shangazi alifika hapo, akatulia, akafunua ukurasa uliofuata bila kusema neno.

Sitawadanganya kwamba mambo yameisha. Kaburi bado liko kwenye shamba la mtu mwingine. Mdogo wangu alizipiga picha kurasa zile mbili, akamtumia baba yake kwenye WhatsApp. Jioni akanionyesha simu: tiki mbili za bluu, hakuna jibu. Hadi naandika hapa, sijasikia kwamba amejibu.

Lakini ameiona. Anajua kwamba mkono wake bado uko begani mwa baba yake.

Wiki hii, kabla hujalala, mwombee mtu mmoja ambaye familia yenu imeacha kumtaja. Mtaje kwa jina mbele ya Mungu. Kisha kama ipo picha yake mahali, itafute.

Tuombeane. Familia Takatifu ya Nazareti, mtuombee.