Sahihi ya Fundi

Kijana wa Same akiwaambia wazazi wake kwamba ataka kujifunza ufundi wa ndege, swali lao la kwanza ni ada, la pili ni mshahara. Maswali hayo si mabaya. Lakini liko la tatu lisiloulizwa: Je, mtoto huyu ataweza kukataa kutia sahihi?

Maana kazi yenyewe ndiyo hiyo. Ufundi huu hufundishwa katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kanuni za kimataifa zadai mwombaji awe na miaka 18, tena awe amezoea kazi miaka 4, au 2 akiwa amepita mafunzo yaliyokubaliwa. Kwa nini kungoja kote huko? Kwa sababu ndege iliyotengenezwa hairuki mpaka mwenye leseni athibitishe kwa sahihi yake kwamba kazi imetimia. Rubani hawezi kufungua kila bamba. Abiria hata jina la fundi hawalijui. Wote wategemea neno lake.

Mwaka 1978 ndege kubwa ya Japani iligonga mkia ikitua Osaka. Katika kuitengeneza, bamba la kuungia ukuta wa nyuma lilikatwa vipande viwili, hata palipotakiwa safu mbili za ribiti ikashika moja tu. Kosa likafichika miaka 7. Tarehe 12 Agosti 1985 ukuta ukapasuka angani, wakafa watu 520. Hapana aliyekusudia kuua.

Wengine watasema: "Mkubwa ameamuru, abiria wangoja, kosa si langu." Hasha! Amri yaweza kuharakisha mkono, haiwezi kugeuza uwongo kuwa kweli. Sahihi ni ushuhuda: nimeona.

Wapare walijua jambo hili tangu zamani. Ndiva, bwawa likusanyalo maji usiku ili mchana yashuke mashambani, hutengenezwa kwa msaragambo. Azibaye ufa juu juu halaumiwi siku ile; hulipa jirani wa chini, kiangazi kifikapo.

Basi, wazazi wapenzi, mafunzo haya hayaanzi Dar es Salaam. Huanza jioni ile mtoto aulizwapo, "Umefunga banda la mbuzi?" akajibu, "Nimefunga," asiende kutazama. Mrudisheni akatazame.