Mimi Nimesambaza Tu



Wapendwa vijana wenzangu, leo sina tafakari ya Injili ya Jumapili. Nina swali moja ambalo limenisumbua tangu likizo iliyopita, na nikiri mapema kwamba nimeanza kulifikiria baada ya kukosea mimi mwenyewe. Mtu anayesambaza habari ya uongo huku akiamini ni ya kweli, je, ametenda dhambi?

Nilikuwa nyumbani. Usiku, saa nne hivi, nimeshajilaza, nikatumiwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili kasoro. Mama mmoja analalamika, karibu analia, kwamba mhazina wa jumuiya yao amekula michango ya msiba hadi wafiwa wakakopa hela ya jeneza. Akataja jina la jumuiya. Ni jina la jumuiya yetu. Na mhazina wetu namfahamu tangu utoto. Ndiye aliyekuwa akitupa maandazi tukitoka mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Nilishtuka, nikasikitika kweli, na kabla sijamaliza kusikitika nikawa nimeirusha sauti ile kwenye magrupu matatu, chini yake nimeandika: "Duh! Kama ni kweli, inasikitisha sana."

Asubuhi ikajulikana. Sauti ilitoka mkoa mwingine, jumuiya nyingine kabisa yenye mtakatifu msimamizi yule yule. Watakatifu wetu wanasimamia jumuiya nyingi, si unajua. Lakini hadi hapo yule mama alishapigiwa simu na dada yake aliye mbali, na mwanawe wa sekondari alishachekwa na wenzake. Mama yangu mzazi aliponiuliza, likanitoka jibu tunalolijua wote: "Lakini mimi nimesambaza tu. Sikutunga."

Jibu hilo lina mtetezi mkubwa. Mtakatifu Augustino aliandika kitabu kizima kuhusu uongo, mwishoni mwa karne ya 4, na humo anatofautisha kusema jambo lisilo kweli na kusema uongo. Mwongo ni yule ambaye moyoni ana hili na mdomoni anatoa lile, kwa nia ya kudanganya. Anayesema jambo lisilo kweli huku akiliamini, huyo hajadanganya. Nilipolisoma hilo mwaka wa kwanza wa falsafa nililipenda, na asubuhi ile nililipenda zaidi. Nikajiona nimepona.

Shida ni kwamba Augustino hakuishia hapo. Anaongeza kuwa mtu huyo, hata kama si mwongo, anaweza kuwa na kosa jingine: ameamini asichopaswa kuamini, au amejidhania anajua wakati hajui. Mlango wa uongo nilitokea, sawa, lakini nikaangukia kwenye mlango wa kukurupuka.

Karne nyingi baadaye, mwaka 1877, Mwingereza mmoja mwanahisabati, William Clifford, alilisogeza jambo hili mbele kidogo. Hakuwa mtu wa dini, ila seminarini tunamsoma na wala hatupati kikohozi. Anatoa mfano wa mwenye meli kuukuu. Anayo mashaka nayo, lakini anajibembeleza moyo: imesafiri mara nyingi, Mungu yupo, itafika. Hadi anaamini kabisa. Meli inazama na abiria wote. Clifford anasema mtu yule ana hatia japo imani yake ilikuwa ya dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo bila kuikagua meli. Halafu anasema jambo ambalo lilinikosesha usingizi: hata meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile. Ina maana kwamba hata kama sauti ile ingekuwa kweli inamhusu mhazina wetu, mimi bado ningekuwa nimekosa. Ningekuwa nimebahatisha tu.

Sasa tuje kwenye "kama ni kweli". Jamani, maneno haya tunayatumia kama maji ya baraka. Tunanyunyiza juu ya ujumbe, tunadhani umetakasika. Lakini kama sikujua ni kweli, nilikuwa natuma nini? Aliyepokea hakubaki na "kama" yangu. Alibaki na sauti ya mama anayelia na jina la jumuiya. Tena kwa vile ilitoka kwa frateri, wengine waliongeza uzito ambao mimi sikuuweka, ila nilijua kuwa nabeba.

Na simu yenyewe ilinionya. Wale wa WhatsApp mnafahamu ile mishale miwili juu ya ujumbe: inamaanisha ujumbe umepita mikono mitano au zaidi kabla ya kukufikia. Chanzo cha vizuizi hivi ni cha kusikitisha. Mwaka 2018 kule India watu waliuawa na makundi yenye hasira kwa sababu ya uvumi wa wezi wa watoto uliozagaa kwenye simu. Kampuni ikaanza kupunguza idadi ya magrupu unayoweza kurushia kwa mpigo. Mwaka 2019 ikawa matano dunia nzima, na mwaka 2020, kwa ujumbe wenye mishale miwili, ikawa moja tu. Kwa hiyo usiku ule sikuweza kutuma kote kwa mara moja. Nilituma grupu moja, nikarudi, nikatuma la pili, nikarudi, nikatuma la tatu. Nilipewa nafasi mara tatu ya kujiuliza sauti hii ni ya nani, ya lini, ya wapi. Ningeweza kumpigia mwenyekiti wa jumuiya. Namba yake ninayo.

Wengi tukisikia elimu ya mtandao tunafikiria picha za kutengenezwa na akili bandia, kama ile ya Papa Fransisko ndani ya koti kubwa jeupe la baridi, Machi 2023. Wengi tulidanganyika, tukacheka, yakaisha. Ni vizuri kujifunza kuzitambua. Ila angalia kisa changu: hakuna kilichotengenezwa. Sauti ilikuwa ya mtu halisi, machozi halisi, na inawezekana huko alikotoka alisema kweli tupu. Uongo uliingia pale sauti ilipohama mahali pake, na waliohamisha ni watu wa kawaida wenye huruma, mimi nikiwemo.

Kijana mmoja wa VIWAWA nilipomsimulia alinibana vizuri: "Frateri, ina maana tunyamaze? Si ndivyo wezi wanavyojificha kanisani?" Ana haki ya kuuliza. Kuna mabaya yaliyodumu kwa sababu watu wema waliogopa kuhukumu. Hapa Mtakatifu Tomaso wa Akwino amenisaidia. Anasema ni afadhali ukosee mara nyingi kwa kumdhania mema mtu mbaya, kuliko ukosee mara chache kwa kumdhania mabaya mtu mwema, kwa kuwa huyu wa pili umemdhulumu. Lakini papo hapo anaongeza kuwa inapohusu kuzuia madhara, tunaweza kuchukua tahadhari kana kwamba baya linawezekana, bila kumhukumu mtu moyoni. Nikaona tofauti. Kuomba daftari la michango likaguliwe kila baada ya msiba, awe mhazina ni nani, siyo kumsengenya mtu. Kupeleka malalamiko kwa mwenyekiti au kwa paroko siyo kusengenya. Grupu la watu mia mbili, wengi wao hawana hata uwezo wa kulifungua hilo daftari, lingefanya nini na sauti ile zaidi ya kumla mtu?

Nilichofanya kwanza nilipojua kosa langu ni kubonyeza "futa kwa wote". Nikaona nimemaliza. Kumbe ilikuwa imeshapakuliwa na imeshahamia kwingine. Katekisimu, namba 2487, inadai malipizi kwa kosa dhidi ya ukweli na dhidi ya sifa ya mtu, hata kama umeshasamehewa. Nilikwenda kitubio, padre akaniuliza kitu kimoja tu: "Ulituma magrupu mangapi?" Nikarudi kwenye yote matatu, nikaandika kwa jina langu kwamba sauti haikuhusu jumuiya yetu na kwamba mimi ndiye niliyeirusha bila kuuliza. Wawili waliweka alama ya kidole gumba. Sauti ya kwanza ilikuwa imezungumzwa kutwa nzima.

Kisha nikaenda kwake jioni. Nilimsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba, Frateri," akanipa kiti, akanisikiliza hadi mwisho. Alisema amenisamehe, na ninaamini. Lakini Jumamosi iliyofuata, kwenye jumuiya, aliliweka daftari mezani pamoja na risiti zote za miaka minne, akaomba achaguliwe mwingine. Walimsihi, akakataa. Hesabu zilikaguliwa pale pale. Haikupungua hata shilingi mia.